Je, Wajua? Sekunde 30 Zinazofungua Kicheko

Vichekesho vya runinga vya Uingereza vimesafiri mbali, na vingi vilifika hadi sebule za Kenya na Uganda. Hadithi zenyewe zilitaka mtu ajue Kiingereza, lakini wimbo wa kufungulia kipindi haukutaka chochote. Ukilia tu, mtoto, baba na nyanya asiyejua "good morning" wote walijua ni saa ya kucheka. Ndugu msomaji wa Busibwabo, Matayos, Burumba na Malaba, sogea karibu. Nyuma ya nyimbo hizo fupi kuna siri, kuna ufundi, na kuna nyuzi kadhaa zinazofika mpaka huku kwetu mpakani.

Kipindi cha lugha kilifunguliwa bila neno lolote

Mind Your Language, kichekesho cha wageni wanaojifunza Kiingereza katika darasa la jioni London, kilianza kurushwa tarehe 30 Desemba 1977. Muziki wake wa kufungulia, uliotungwa na Max Harris, hauna hata neno moja! Uingereza walikikatisha mwaka 1979 kwa malalamiko kwamba kinawadhihaki wageni, lakini Wakenya waliokua wakitazama KBC wanamkumbuka Mwalimu Brown na wanafunzi wake hadi leo. Lugha iliwasumbua wanafunzi wale kila wiki, ila muziki haukumsumbua yeyote.

Mfungwa alijihukumu mwenyewe

Max Harris huyo huyo alitunga muziki wa Porridge, kichekesho cha gerezani kilichoanza 1974. Lakini kipindi hakifunguki kwa muziki. Kinafunguka kwa milango ya chuma kubamizwa na sauti ya hakimu akimsomea mfungwa kifungo cha miaka 5. Sasa sikia hili: sauti ya hakimu ni ya Ronnie Barker, na mfungwa Fletcher ni Ronnie Barker pia! Watazamaji wengi walisikia hukumu hiyo kila wiki bila kutambua kwamba mtoa adhabu na mpokea adhabu wana koo moja.

Jina la kipindi limefichwa ndani ya filimbi

Sikiliza vizuri muziki wa Some Mothers Do 'Ave 'Em, kichekesho cha BBC kilichoanza 1973. Zile filimbi mbili ndogo zenye sauti kali hazipigi ovyo: zinataja jina la kipindi, herufi kwa herufi, kwa alama za Morse, zile nukta na vistari vilivyotumiwa kupeleka simu za maandishi. Mtunzi wake, Ronnie Hazlehurst, aliuficha ujumbe huo mbele ya mamilioni ya watu. Karani yeyote wa zamani wa posta au wa stesheni ya reli aliyezijua alama hizo angeweza kulisoma jina la kipindi akiwa amefumba macho.

Mashine ya kuhesabu pesa iligeuzwa ala

Hazlehurst hakuishia hapo. Kwa Are You Being Served?, kichekesho cha duka kubwa la nguo, alichukua mlio wa mashine ya keshia, ile droo ya pesa inayofunguka kwa kishindo na kengele, akaufanya ndio mdundo wa wimbo. Juu yake sauti ya mwanamke inatangaza bidhaa za kila ghorofa, jinsi mhudumu wa lifti alivyofanya katika maduka ya zamani. Ukitembea soko la Busia siku ya shughuli, ukasikia wapiga debe, kengele za baiskeli na wauzaji wa mitumba wakitaja bei, utakubali kwamba biashara ina muziki wake tayari. Kinachohitajika ni sikio la kuuokota.

Kengele za saa ziligeuka siasa

Mwaka 1980 BBC ilianza kurusha Yes Minister, kichekesho cha waziri na makatibu wake wajanja. Hazlehurst aliujenga wimbo wake juu ya mlio wa kengele za mnara wa saa wa Bunge la Uingereza, unaojulikana duniani kote kama Big Ben. Huenda unaujua mlio huo bila kujua kwamba unaujua: saa nyingi za ukutani na kengele za mlangoni zimeuiga. Noti chache tu, na mtazamaji ameshafikishwa bungeni kabla hajamwona waziri.

Wimbo wa taratibu ulishuhudia marais wakipita

Last of the Summer Wine, kichekesho cha wazee watundu wa mashambani Yorkshire, kilirushwa kuanzia 1973 hadi 2010. Miaka 37! Hakuna kichekesho cha aina yake kilichodumu zaidi duniani. Kilipoanza, Kenya ilikuwa chini ya Mzee Kenyatta na Uganda chini ya Idi Amin. Kilipokwisha, Kibaki alikuwa Ikulu Nairobi na Museveni Kampala, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977 na kufufuliwa tena. Muda wote huo kilifunguliwa na wimbo ule ule, wenye sauti tulivu ya kinanda cha mdomo. Wakubwa wa BBC hawakuupenda mwanzoni, wakisema ni mpole mno kwa kichekesho. Bahati nzuri mwishowe waliukubali jinsi Hazlehurst alivyoutunga.

Magazeti makubwa yalidanganywa msibani

Hazlehurst alipofariki tarehe 1 Oktoba 2007, magazeti ya heshima ya Uingereza, na BBC yenyewe, yaliandika kwamba alishiriki kutunga Reach, wimbo wa kundi la vijana S Club 7. Haikuwa kweli. Mtu fulani alikuwa ameupachika uongo huo kwenye ukurasa wa Wikipedia, na waandishi wakaunakili mmoja baada ya mwingine. Fikiria: mtu aliyetumia maisha yake kuficha ujumbe wa kweli ndani ya muziki, alizikwa na ujumbe wa uongo juu ya jina lake. Ukiona habari tamu kwenye simu yako leo, ipe dakika moja ya kuichunguza kabla hujaisambaza.

Kwaya ya kanisa kuu ilimwimbia Mr Bean

Sauti zile nzito za kwaya zinazosikika Mr Bean anapoanguka barabarani chini ya mwanga mkali si utani wa studio. Ni kwaya ya kweli ya Kanisa Kuu la Southwark, London, ikiimba kwa Kilatini, lugha ya ibada za kale, kumtangaza mwanamume aliyefananishwa na haragwe. Hata tangazo la mwisho wa sehemu ya kwanza, kabla ya mapumziko ya matangazo ya biashara, liliimbwa kwa Kilatini! Kipindi kilianza siku ya Mwaka Mpya 1990. Mtunzi, Howard Goodall, alielewa kwamba kadiri wimbo unavyokuwa wa heshima, ndivyo kituko kinachofuata kinavyochekesha.

Wimbo uliotoka kwenye kichekesho ukaingia kanisani

Goodall huyo huyo alitunga muziki wa Blackadder, Red Dwarf na The Vicar of Dibley. Hiki cha mwisho, kilichoanza 1994, kinahusu kasisi mwanamke katika kijiji cha Uingereza, na wimbo wake wa kufungulia ni Zaburi ya 23, ikiimbwa na kwaya ya Kanisa Kuu la Christ Church, Oxford. Zaburi ile ilipendwa kiasi kwamba siku hizi kwaya huiimba kwenye harusi na mazishi, bila mtu kuwaza kicheko. Wanakwaya wa Busia, ambao mnajua Zaburi hiyo kwa lugha kadhaa, hii nayo ni sauti nyingine ya kujaribu siku ya mazoezi.

Mwandishi alishika maikrofoni mwenyewe

Only Fools and Horses, hadithi ya ndugu wawili wachuuzi wa Peckham, London, ilianza 1981 na muziki usio na maneno. Mwandishi wake, John Sullivan, aliona watazamaji hawaelewi jina la kipindi lilitoka wapi, akatunga wimbo mpya wa kulieleza. Alitaka uimbwe na Chas & Dave, lakini wawili hao walikuwa wamebanwa na wimbo wao mwingine uliokuwa ukivuma. Basi Sullivan akauimba mwenyewe! Wimbo wa kufungia nao unaorodhesha bidhaa zinazouzwa bila maswali mengi juu ya asili yake, jambo ambalo mfanyabiashara wa mpakani atalielewa papo hapo. Tarehe 29 Desemba 1996 watu milioni 24.3 walikaa kutazama kipindi kimoja. Hao ni karibu mara 27 ya watu wote wa Kaunti ya Busia waliohesabiwa katika sensa ya 2019.

Kinyozi alikaribisha wateja kwa wimbo wake

Peckham hiyo hiyo ndiyo nyumbani kwa Desmond's, kichekesho cha kinyozi mwenye asili ya Guyana, kilichorushwa na Channel 4 kuanzia 1989 hadi 1994. Norman Beaton, mzaliwa wa Guyana aliyemwigiza Desmond, ndiye aliyeimba wimbo wa kufungulia, wenye mdundo wa visiwa vya Karibi. Sehemu 71 zilitoka, na hakuna kichekesho cha Channel 4 kilichozaa nyingi kuliko hizo. Duka la kinyozi ni baraza la umma popote duniani. Watu huja kunyolewa, wakabaki kubishana siasa na mpira hadi jioni, na Desmond's ilijua hivyo kutoka noti ya kwanza.

Wimbo wa vita ambao haukuwepo vitani

Dad's Army, kichekesho cha wazee walioachwa kulinda mji wao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kina wimbo wa kumkejeli Hitler. Wengi wanaamini kwamba ni wimbo wa miaka ya 1940. La hasha, ulitungwa kwa ajili ya kipindi hicho! Jimmy Perry, mmoja wa waandishi wake, aliyaandika maneno, kisha akamwomba Bud Flanagan, nyota halisi wa enzi ya vita, aimbe. Flanagan alirekodi mwaka 1968, kipindi kikaanza Julai, naye akafariki Oktoba mwaka huo huo. Aliondoka akiwa ameacha wimbo mpya ambao taifa zima liliuchukua kuwa kumbukumbu ya zamani.

Dolly Parton aliingia kwa mlango wa nyuma

Muziki wa kantri unapendwa Kenya kwa dhati: Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton wanasikika redioni, matatuni na sebuleni kila Jumapili. Basi ujue kwamba Butterflies, kichekesho cha BBC kilichoanza 1978, kilifunguliwa na wimbo wa Dolly Parton wa mwaka 1974. Aliyeuimba kwenye kipindi ni Mwingereza Clare Torry. Torry huyu ndiye mwenye ile sauti ya kulia bila maneno katika albamu ya Pink Floyd ya 1973, The Dark Side of the Moon, kazi aliyolipwa pauni 30 tu wakati huo. Koo moja, dunia mbili za muziki ambazo mashabiki wao hawakutani mara nyingi!

Wimbo wa gwaride ulichukuliwa bure

Monty Python's Flying Circus, kipindi cha vituko kilichoanza BBC mwaka 1969, kilifunguliwa na The Liberty Bell, wimbo wa gwaride alioutunga Mmarekani John Philip Sousa mwaka 1893. Waliuchagua kwa sababu nyepesi kabisa: haki zake zilikuwa zimekwisha muda, kwa hiyo haukudai malipo. Muda si mrefu wimbo wa gwaride ukawa wa wachekeshaji, na leo bendi za kijeshi zikiupiga, watu hutabasamu. Ubahili wa dakika moja ulibadilisha maana ya wimbo kwa vizazi.

Wimbo wa Magharibi ya Kenya ulipanda chati za Uingereza

Tusidhani kwamba nyimbo zilisafiri upande mmoja tu. Mwaka 1968, mwaka ule ule wa Dad's Army, kundi la Waingereza The Tremeloes lilirekodi Helule Helule, wimbo wa Daudi Kabaka, na likaufikisha nambari 14 katika chati ya Uingereza. Kabaka alizaliwa Uganda kwa wazazi Waluhya wa Kenya, akavuma Nairobi, akawafanya watu wacheze twisti kwa Kiswahili. Mtoto wa pande mbili za mpaka wetu aliwachezesha Waingereza kwa kitikio chake, miaka mingi kabla ya intaneti.

Nyimbo mbili zinapakana hatua chache tu

Enzi ambazo stesheni za runinga zilizimwa usiku, wimbo wa mwisho kusikika ulikuwa wimbo wa taifa. Ule wa Kenya umejengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto alale, na katika jopo la wanamuziki watano walioutengeneza 1963 alikuwamo George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda! Wa Uganda ulitungwa na George Kakoma kwa ajili ya uhuru wa 1962, na ni miongoni mwa nyimbo za taifa fupi zaidi duniani kwa muziki, ndiyo maana beti zaidi ya moja huimbwa. Kwenye kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, bendera za nchi hizo mbili hupepea karibu karibu. Ni wachache wanaopita pale wakijua kwamba mkono wa Mganda umo katika wimbo wa Mkenya.

Mfalme wa vichekesho alitoka Samia

Kichekesho cha kila wiki kinadai nidhamu: watu wale wale, nyumba ile ile, wimbo ule ule, na bado kiwe kipya. Kwa zaidi ya miaka 10 Charles Bukeko aliubeba mzigo huo kwenye Citizen TV akiwa Papa Shirandula, mlinzi aliyetoka nyumbani amevaa suti ili mkewe Wilbroda asijue kazi yake halisi. Bukeko alikuwa mtu wa Kaunti ya Busia, na huko Namisi, Funyula, ndiko alikozikwa Julai 2020. Waingereza wana Del Boy wao wa Peckham, yule mchuuzi wa Only Fools and Horses, anayejifanya tajiri. Sisi tuna Papa wetu wa Samia anayejifanya bosi. Jamani, kicheko cha mtu anayejikweza kina ndugu kila nchi.

Kiswahili kilishinda Grammy kwa wimbo wa mchezo wa kompyuta

Michezo ya kompyuta nayo ina nyimbo za kufungulia. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga Baba Yetu kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza kabisa kutoka kwenye mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Tangu hapo kwaya za Ulaya, Marekani na Asia zimejifunza kutamka Kiswahili ili kuuimba. Maneno ambayo mtoto wa Busibwabo huyasema kabla ya kulala yamefunguliwa milango mikubwa kuliko ya jumba lolote la maonyesho.

Ala za wimbo wetu ziko tayari

Je, kichekesho cha Busia kingefunguliwa na sauti gani? Chaguo zipo nyingi. Wateso wa pande zote mbili za Malaba wana akogo, ala ya vijiti vya chuma juu ya mbao inayopigwa kwa vidole gumba, na mafundi wengi wakiipiga pamoja huwa okestra kamili. Majirani Wabukusu wana litungu la nyuzi 7. Waisukha na Waidakho wana isukuti, densi ya ngoma tatu za ukubwa tofauti, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hazlehurst aliupata mdundo wake kwenye droo ya pesa, Goodall akaupata kanisani, Sullivan sokoni. Vijana wa Busia mnaorekodi video kwa simu, msiazime mlio wa mtandaoni unaotumiwa na kila mtu. Mtafuteni mpiga akogo wa kijijini kwenu, mlipeni vizuri, na mumwombe sekunde 30.